Vigelegele vya Shule ya Zamani

Jumapili, 28 Septemba

Daftari hili ni mali ya darasa. Tulinunua rundo zima kwa ajili ya akina mama watakaojifunza kusoma, nami nimejitwalia moja kabla darasa halijafunguliwa, maana ni mimi niliyeyabeba mgongoni kutoka sokoni Taliwin siku punda wa Kabura alipogoma katikati ya njia. Atakayelalamika aje.

Leo tumemaliza kutoa kifusi katika shule ya zamani. Tangu watoto wahamishiwe shule mpya ya kule barabarani, paa lilikuwa limelala ndani ya madarasa, matete na udongo na kinyesi cha mbuzi, na njiwa wakijiona wao ndio walimu. Sasa sakafu inaonekana. Kizingiti nacho kimeonekana, lile jiwe la kijivu ambalo baba yangu alilipandisha kutoka mtoni kwa mgongo wake, enzi za Wafaransa, walipoambiwa kwamba wakitaka shule wajenge wenyewe. Nimekaa juu yake nikala mkate wangu, na hakuna aliyethubutu kuniambia ninazuia njia.

Kabura, jirani yangu, mwenye ulimi usiojua likizo, alisimama mbele ya ule ukuta uliopakwa rangi nyeusi, uliokuwa ubao wa kuandikia.

"Shoga, hapa ndipo ulipokuwa unachapwa?"

"Hapa ndipo alipokuwa anachapwa Bihi. Mimi nilikuwa namnong'oneza majibu, yeye anayataja kwa sauti kubwa mno."

Mpango wetu kila mtu anaujua. Chumba kikubwa ni cha kukaushia zafarani ya wanawake wote pamoja, tuache kumuuzia mchuuzi maua mabichi. Chumba cha pili ni darasa la kusoma. Na kile kijumba cha mwalimu ni cha watoto wachanga, walale humo wakati mama zao wako shambani. Mwaka jana mtoto wa Kabura aliumwa na nge pembeni mwa shamba, sote tumeinama tunachuma. Alipona, lakini kidole chake hakijanyooka mpaka leo. Ndiyo maana mimi nakitaka kile kijumba kuliko vyote.

Ijumaa, 3 Oktoba

Bihi amefika kutoka Kasablanka. Ameleta kahawa, viatu vya mama na ramani ya jengo aliyoichora mwenyewe. Amenona kidogo, na nywele zinamkimbia.

Daftari halijui, basi niliambie. Bihi si mtoto wa tumbo la mama yangu. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, nami nilikuwa mchanga wa wiki chache, basi mama akampa ziwa la kulia, mimi nikabaki na la kushoto. Tangu hapo ni kaka yangu kwa dini na kwa moyo. Sijifuniki mbele yake, na akija haulizi kama kuna mtu, anaingia moja kwa moja jikoni anafunua chungu. Ana duka la vyakula huko mjini, kama nusu ya wanaume wa bonde hili.

Nimeamua yeye ndiye awe mdomo wetu barazani. Wanawake hatuketi kwenye baraza la kijiji, na mimi mjane nisiye na mtoto wa kiume lazima niazime mdomo wa mtu. Wenzangu walitaka tumwombe Haji Lahsen, mkuu wa baraza mwenyewe. Nikawaambia, kuna mdomo gani wa karibu kuliko ulionyonya pamoja na wangu? Wakacheka, wakakubali.

Mama alikuwa anamtazama Bihi akila. "Mwanangu huyu," akasema, "ukimwita tu, keshafika."

Alhamisi, 9 Oktoba

Upepo wa kusini. Mchanga mpaka ndani ya meno. Tumekanda udongo na makapi ya shayiri hivyo hivyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Kijiji kizima kiko juu ya shule. Wanaume wanapandisha boriti, sisi tunapitisha ndoo za udongo kwa mstari, na anayechoka anajifanya anarekebisha kilemba. Halipwi mtu hapa, kazi ya kijiji ni ya kijiji. Hata Haji Lahsen, na magoti yake yale, alibeba fungu la matete kisha akatuambia tumpigie makofi.

Bihi anapima madirisha. Amepima, ameandika, amepima tena.

"Unataka kututilia mapazia?" nikamtania.

"Kwa nini isiwe mapazia, dada? Wewe huna haki ya mapazia?"

Nikafurahi kama mjinga. Mawingu yanajikusanya upande wa mlima, na paa halijafungwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Boriti ya mwisho imekaa. Mvua ilichungulia, ikaona tumewahi, ikaondoka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku hii nataka kuiandika vizuri.

Baraza limekaa baada ya sala, katika ua wa shule yenyewe. Ilikuwa siku ya kupitisha rasmi jengo litatumika kwa kazi gani, maana paa likishafungwa kila mtu anakumbuka kwamba babu yake alibeba jiwe. Bihi alivaa kanzu nyeupe. Kabla hajatoka nilimshika mkono mlangoni nikamwambia yote upya: kukausha, kusoma, watoto. Akasema, "Dada, unanifundisha jina langu?"

Sisi tulikuwa chumba cha pili, tunapika kuskusi ya baraza. Mvuke umejaa, sufuria zinagongana, watoto wanalia. Kupitia dirishani tulisikia sauti za wanaume tu, zikipanda na kushuka, neno hatulikamati. Mara nikaisikia ya Bihi. Ilikuwa tulivu, ndefu, ya mtu anayejua anachokisema. Nikamwambia Kabura, "Sikiliza, huyo ni mimi naongea."

Kisha kukanyamaza, na Haji Lahsen akaanza Fatiha.

Kwetu Fatiha ikishasomwa jambo limefungwa. Hakuna karatasi. Tukaacha miiko, tukafungua viganja, mikono yote ina mafuta na unga, tukasoma nao. Tukasema Amin kwa sauti ili watusikie kule nje. Halafu Kabura hakuweza kujizuia, akapiga kigelegele, nami nikamfuata, na mama yangu mkongwe kwenye kiti chake akafuata kwa sauti iliyobaki, na chumba kizima kikalipuka. Njiwa waliruka kutoka juu ya paa jipya.

Bihi alipoingia kuchukua sinia nilimbusu kichwani mbele ya watu. Hakuniangalia usoni. Nilidhani ni haya.

Jumapili, 19 Oktoba

Maua ya kwanza. Machache, katika shamba la juu. Baridi ya alfajiri imeanza kufanya kazi yake.

Jumatano, 22 Oktoba

Tunachuma kabla jua halijatoka, maana ua likishafunguka limeharibika. Mchana wote tunachambua, nyuzi nyekundu huku, maganda ya zambarau kule. Vidole vyote ni vya njano. Niliuliza funguo za shule tuanze kukaushia mle. Bihi akasema chokaa haijakauka, itatia harufu mbaya kwenye zafarani. Ni kweli chokaa ina harufu, nisingependa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Amekuja mgeni na gari jeupe, bwana mwenye miwani ya rangi ya kahawia, kutoka Marakeshi. Bihi anamtembeza. Alipapasa kuta kama mtu anayenunua ng'ombe, akawa anasema, "Halisi kabisa. Halisi kabisa." Alitukuta tumekaa uani kwangu tunachambua, akaomba atupige picha. Kabura akamwuliza kama picha hiyo itampatia mume wa pili, maana wa kwanza kashaota ukungu. Bwana hakuelewa Kiamazighi, akacheka tu.

Baadaye Bihi akaniambia pembeni, "Siku nyingine waambie wavae vile vidani vya fedha, na kaftani."

"Za kuchambulia maua? Umepata homa?"

"Nasema tu, dada. Wageni wanapenda."

Nimemwambia mama. Naye akasema watu wa mjini wana mambo yao, nimwache mwanawe.

Jumapili, 26 Oktoba

Maua mengi mpaka migongo haisimami. Chokaa bado haijakauka, eti. Tunakaushia majumbani, kila mtu kwenye shuka lake, kama miaka yote. Mchuuzi keshapita mara moja kunusa.

Jumanne, 28 Oktoba

Lori limepanda leo. Kabura na mimi tulikuwa njiani na vikapu, tukasimama kulipisha. Limebeba vitanda. Vitanda vya mbao vyenye vichwa vya kuchonga, magodoro katika plastiki, na masinki.

"Shoga," Kabura akasema, "masinki yote yale ya nini? Darasa letu ni la kusoma au la kunawa mikono?"

"Vitanda ni vya watoto," nikasema.

"Watoto wa nani hao, wenye miguu mirefu hivyo?"

Niliweka kikapu chini nikaenda shuleni. Kufuli ni jipya. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya lori, nikaingia. Fundi nisiyemjua, mtu wa kuja, alikuwa anapaka plasta laini ya rangi ya waridi juu ya ubao. Ukuta mweusi ulikuwa umebaki kipande kidogo pale juu, mahali ambapo hata mwalimu alikuwa hafiki ila kwa kusimama juu ya kiti. Nikamwuliza nani kamwambia apake. Akasema mwenye jengo.

"Mwenye jengo ni nani?"

Akanitazama kwa huruma, naye ni kijana mwema, akasema, "Si Bwana Bihi na mwenzake?"

Jumatano, 29 Oktoba

Sijachuma leo. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya utu uzima maua yamefunguka shambani mwangu bila mimi. Nilikwenda kwa Haji Lahsen.

Nilimkuta anakunywa chai na mkewe. Alinikaribisha, akanimiminia, akaniuliza hali ya mama. Nikamwambia sikuja kwa hali ya mama.

"Haji, mlipitisha nini siku ile ya Ijumaa?"

"Ijja, unaniuliza mimi? Mlipitisha ninyi."

"Hebu niambie nilipitisha nini."

Akaweka glasi chini. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa. Bihi alisimama akasema wanawake wametafakari wakaona kukausha zafarani pamoja kutaleta ugomvi, na darasa la kusoma halina mwalimu. Badala yake wanaomba jengo lipewe yeye Bihi na mshirika wake walifanye nyumba ya wageni wanaokuja kuangalia zafarani, na wanawake watapewa nafasi ya kukaa ndani na kuchambua maua mbele ya wageni. Alisema, "Dada yangu ndiye aliyeyaongoza mashauri haya, na amenituma."

"Alisema mimi nimemtuma?"

"Alisema hivyo mara mbili. Mzee Mbark akasema, ngoja, hili si tulilolisikia mwanzoni. Nami nikasema, basi tuwaulize wenyewe. Wallahi nilitaka kutuma mtu aje jikoni awaulize."

"Kwa nini hukutuma?"

"Kwa sababu Bihi alisema, soma Fatiha kwanza, Haji, uone kama hawataitikia. Nikasoma. Mkaitikia. Halafu mkapiga vigelegele, Ijja! Mtu kapigiwa vigelegele mpaka njiwa wameruka, bado atume mjumbe akaulize kama wamefurahi?"

Mkewe alikuwa anatazama chini.

"Sisi tulikuwa tunapika," nikasema. "Hatukusikia neno."

"Sasa mtu anasemaje Amin kwa jambo ambalo hakulisikia?"

Maisha yangu yote nimesema Amin kwa Fatiha niliyoisikia ikitoka upande wa wanaume, kwenye posa, kwenye sulhu, kwenye mgawo wa maji. Ukisikia, unafungua mikono. Hakuna mwanamke wa kijiji hiki aliyewahi kuuliza inasomewa nini. Na Bihi alilelewa jikoni mwetu, anajua hivyo kuliko mwanamume yeyote.

"Tengua," nikamwambia.

"Nitengue Fatiha?" Alisema kwa masikitiko ya kweli, si kwa dharau. "Leo nikitengua hii, kesho nani atashika ile ya maji?"

Kaka yangu ametuchezea shere, na akatumia mdomo wangu mwenyewe. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta nikaiandika tena.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimemkabili. Alikuwa uani mwa shule anaelekeza mahali pa kuweka taa.

"Ulisema nini barazani?"

"Dada, keti kwanza."

"Nimesimama vizuri tu."

Akawaambia mafundi waende wakanywe chai. Akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: maendeleo, jina la kijiji kujulikana, barabara kutengenezwa. Nikamwacha amalize.

"Chumba cha kukaushia?"

"Ndimo mtakamokaa. Mmevaa vizuri, mnachambua, watu wanaona kazi ya mikono yenu. Ni heshima, Ijja."

"Darasa?"

"Vyumba vya kulala."

"Kijumba cha watoto?"

Hapo alisita. "Kile ni bafu," akasema. "Lakini watoto waje tu. Wageni wanawapenda sana watoto."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Akauona, hakukwepa, na akaanza kusema haraka haraka, sauti ile ile ya utotoni alipokuwa akitaka nimfichie kosa.

"Duka limekufa. Limekufa tangu mwaka juzi. Wamefungua duka kubwa mtaa ule ule, mlango unajifungua wenyewe ukisogea. Wanangu hawajui. Mama hajui. Huyu bwana akaniambia, nitafutie jengo la zamani lenye historia, nawe utakuwa msimamizi wake. Ningefanyaje, Ijja? Nirudi hapa nikalime vitunguu na umri huu?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Basi. Kama angenijua vibaya ningepata pa kumsamehe. Alinijua sawasawa, ndiyo maana hakuniuliza.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua. Kubwa, ya kutwa. Jikoni kwangu panavuja, nimeweka masufuria. Paa la shule halivuji hata tone. Tulilikanda vizuri.

Jumatatu, 3 Novemba

Mama hataki kusikia. Nimemweleza tangu mwanzo mpaka mwisho, akasema nimemwelewa vibaya kaka yangu, akasema Bihi alikuwa mtoto mwoga na mtoto mwoga huwa anakosea, akasema nimpelekee supu kwani mafundi hawajui kupika. Nikamwambia apeleke mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Nilimkuta Kabura anashuka njia ya shule saa nne asubuhi. Amevaa kaftani aliyoivaa harusini kwa binti yake, na vidani vya fedha vya bibi yake kifuani, na mtoto mgongoni. Alikuwa wa kwanza kusema.

"Usiniangalie hivyo."

"Nikuangalieje?"

"Wewe ulifika darasa la nne, unaweza kununa kwa maandishi. Mimi nikinuna, maua yangu anayachukua mchuuzi."

"Kabura, wewe ulisema utamtupia Bihi udongo usoni."

"Nilisema. Na nilimaanisha." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Lakini mle ndani kuna moto. Mtoto anakaa mahali pa joto, hapana nge. Wewe una mahali pengine pa kunionyesha?"

Mtoto alikuwa ameshika biskuti ya dukani kwa kile kidole kilichopinda. Nilimpisha. Tumekuwa marafiki tangu hatujaota meno ya ukubwani, na leo nilimpisha njiani kama mgeni. Nimekasirika naye sana, na sina la kumjibu, na hilo linanikasirisha zaidi.

Wengine wanne wamekwenda naye. Mimi ndiye niliyewakusanya tangu mwanzo, basi Bihi hakupata taabu hata ya kuwatafuta.

Ijumaa, 7 Novemba

Wameweka kibao. Kwa Kiarabu, kwa Kiamazighi na kwa Kifaransa, maandishi mazuri ya bluu: KITUO CHA MAENDELEO YA WANAWAKE.

Mama alitaka nimpeleke akaone. Tulikwenda polepole, ameegemea bega langu. Nikamsomea kibao.

"Si ndicho mlichokitaka?" akasema. Alifurahi kabisa, maskini. "Ona sasa. Na wewe umemnunia mtoto wa watu bure."

Tukafika mlangoni, akanyanyua mguu juu, vile watu wote wa rika lake wanavyonyanyua pale, kwa ajili ya kizingiti cha baba. Mguu ukashuka mahali patupu, nusura aanguke. Kizingiti hakipo. Wamemwaga saruji laini, masanduku ya wageni yenye magurudumu yapite.

Jiwe tulilikuta uani. Wamelisimamisha wima karibu na kisima, wameweka juu yake chungu cha mmea wenye miiba.

Mama aliinama akalipapasa. Anajua kila kovu lake. Anasema baba alipolileta alilala siku mbili hawezi kugeuka, naye ndiye aliyemkanda mgongo. Bihi amekisikia kisa hicho mara ngapi, tena juu ya goti la baba mwenyewe? Alitoka wakati huo huo, akatuona, akaja na tabasamu.

"Mama! Umeona tulivyolipa heshima?"

Mama alikitoa kile chungu, akakiweka chini taratibu kisivunjike, akaniambia twende nyumbani. Ndani, kupitia dirisha lenye pazia, nilimwona Kabura na vidani vyake, amekaa wima, hacheki.

Jumatano, 12 Novemba

Maua yanapungua. Mama hasemi.

Jumapili, 16 Novemba

Asubuhi nilichuma kilichobaki, kikapu hakikujaa. Nilikuwa nimekaa sebuleni nachambua, mama karibu yangu, mlango ukagongwa. Yule asiyebisha hodi leo amebisha.

Alikuwa Bihi, na Haji Lahsen, na wazee wengine wawili. Bihi amebeba koni mbili za sukari katika karatasi yao ya bluu, vile watu wanavyokwenda kuomba radhi. Kwetu sukari ikishaingia ndani ni vigumu kuirudisha nje. Wakakaa. Akaweka sukari mbele ya mama, akambusu kichwani na mikononi. Mama akamwacha ambusu.

Haji Lahsen akasema maneno mazuri. Kwamba msimu unakwisha, kwamba ndugu wa ziwa moja hawafai kuingia majira ya baridi wamenuniana, kwamba jengo ni jengo tu na damu... akakumbuka si damu, akasema na maziwa ni maziwa. Bihi ametazama mkeka. Sikuulizwa kitu. Kisha Haji akafungua viganja akasema, "Basi tusome Fatiha."

Naapa mikono yangu ilinyanyuka yenyewe. Nyuzi nyekundu zimeganda vidoleni, ikanyanyuka, ikafunguka. Nikaitazama nikaona aibu, na sikuweza kuishusha.

"Ngoja, Haji," mama akasema.

Haji akangoja, mikono hewani.

"Tunasomea nini?"

Wazee wakatazamana. Hawajawahi kuulizwa swali hilo na mwanamke, ndani ya nyumba wala nje yake.

"Tunasomea amani, mama," Bihi akasema. "Tunasomea undugu."

"Undugu nilikupa mimi, hukusomewa Fatiha. Nauliza, umefanya nini hata tuje kusoma leo? Sema tuisikie sote, ndipo nitasema Amin."

"Mama, Ijja anajua..."

"Usiniambie anayojua Ijja. Sema kwa mdomo wako. Wa kwake umeshautumia."

Bihi akafungua mdomo. Nilimtazama usoni, nikaona kabisa anatafuta pa kuanzia, na nusu ya moyo wangu ikataka kumnong'oneza jibu kama zamani pale mbele ya ubao. Nikabana meno. Alinitazama mimi, akatazama wazee, akatazama sukari yake. Hakusema. Mikono ya Haji Lahsen ikaanza kutetemeka kwa kuchoka, akaishusha kwanza yeye, kisha wale wengine, kisha mimi.

Walipoinuka mama akasema, "Sukari yako, mwanangu." Bihi akazichukua koni zake.

Nilifunga mlango nikarudi kwenye maua. Nje ilikuwa inanyesha tena, ile ya ubaridi inayokaribia kuwa theluji. Mama alisikiliza viatu vyao vikishuka njia ya mawe mpaka visisikike tena. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hayafuti.

"Hana kofia," akasema. "Mwite anywe chai kwanza."

Sikumwita.